Wakati, nafasi na wapinzani wa Einstein: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Kigoma

Nafundisha fizikia hapa Kigoma, na Jumamosi alasiri huwa tunakaa, wanafunzi na watu wazima wanaopenda, tukazungumza mambo ya wakati na nafasi. Kabla ya kikao huwa tunachomeka kijiti ardhini tutazame kivuli chake. Maswali hujirudia. Nimeyaandika hapa ili anayekuja mara ya kwanza asituanzishe upya kila wiki. Majibu mengine ni marefu kwa sababu mambo yenyewe yananikolea.

Watu wamekuja kusikia habari za Einstein. Kijiti na kivuli ni vya nini?

Ndicho kipimo cha kwanza ambacho mtu wa hapa anaweza kukifanya bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Chomeka kijiti wima uani, mahali tambarare, usubiri simu iseme saa sita kamili mchana. Utaona kivuli bado kinalalia upande wa ziwa, maana yake jua bado liko mashariki. Kivuli kinafikia ufupi wake karibu na saa saba. Mwanzoni mwa Novemba huwahi kwa kama robo saa, katikati ya Februari huchelewa kwa karibu kiasi hicho hicho.

Saa ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari unaopita jirani na Mogadishu. Kigoma iko kwenye digrii 29.6. Dunia hujizungusha digrii moja kila dakika 4, kwa hiyo sisi tuko nyuma ya mstari huo kwa dakika 61 hivi, na Dar es Salaam kwa dakika 23 tu. Wazee waliihesabu saa moja kuwa saa ya kwanza tangu kucha. Hapa kwetu simu ikisema saa moja asubuhi, jua ndiyo kwanza linachungulia nyuma ya vilima.

Kwa hiyo wakati ni makubaliano ya watu tu?

Jina la saa ni makubaliano. Mwendo wa saa si makubaliano. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa, kwa hiyo twende polepole.

Abiria akishuka bandari ya Kibirizi hapa Kigoma kutoka Bujumbura, saa yake ya mkononi iko nyuma kwa saa nzima, kwa kuwa Burundi wanafuata saa ya Afrika ya Kati. Anavuta kile kifundo cha pembeni, anakizungusha, basi. Hakuna kilichompata majini.

Sasa chukua saa mbili za atomi zilizo sawa kabisa. Moja iache bandarini Dar, nyingine ilete hapa ufukweni, kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ya Kigoma itaitangulia ya Dar kwa karibu nanosekunde 7 kila siku, na nanosekunde moja ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ukiipeleka Tabora, kwenye mita 1,200 hivi, itatangulia kwa nanosekunde 11. Hapa hakuna kifundo cha kuzungusha. Saa haijaharibika, ila wakati wenyewe umepita mwingi zaidi huku juu kuliko kule chini, kwa sababu uvutano wa dunia huuchelewesha wakati, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyouchelewesha zaidi. Kwa mwaka mzima tofauti ya Kigoma na Dar haifiki hata sehemu tatu za milioni ya sekunde, kwa hiyo usiende kumdai mwajiri wako.

Na treni je? Si kasi nayo huchelewesha wakati?

Huchelewesha. Lakini treni ya reli ya kati, katika zile kilomita 1,250 hivi kutoka Dar, haina kasi ya kutisha. Mwinuko wa nchi unamharakisha abiria mara nyingi zaidi ya kasi inavyomchelewesha. Anafika Kigoma amezeeka zaidi kidogo kuliko nduguye aliyebaki Kariakoo, tena bila kuhesabu uchovu.

Hizo nanosekunde nani alizipima?

Mwaka 1960 Robert Pound na Glen Rebka walipima tofauti hiyo ndani ya mnara wa mita 22.5 katika Chuo Kikuu cha Harvard. Oktoba 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walipakia saa nne za atomi za sizi (caesium) kwenye ndege za kawaida za abiria, wakaizunguka dunia. Zikienda mashariki zilipoteza nanosekunde 59, zikienda magharibi zilizidi kwa 273. Mwaka 2010, huko Boulder, Colorado, Marekani, wanasayansi walitofautisha saa mbili zilizopishana kimo kwa sentimita 33. Yaani kichwa chako na magoti yako havizeeki sawasawa.

Kama hayo yote ni ya mbali, ipo simu yako. Satelaiti za GPS huzunguka kama kilomita 20,200 juu yetu. Kwa kuwa ziko juu, saa zake hutangulia kwa mikrosekunde 45 (sehemu za milioni ya sekunde) kwa siku. Kwa kuwa zinakimbia, huchelewa kwa 7. Inabaki 38. Isingesahihishwa, ndani ya siku moja ramani ingepotoka kwa kama kilomita 10, na bodaboda anayekupeleka mtaa wa Mwanga angekutosa ziwani.

Kabla ya Einstein wakubwa walisemaje?

Ugomvi ni wa zamani, na kwangu ndio mtamu kuliko yote, maana nadharia mbadala za leo karibu zote ni wajukuu wake.

Isaac Newton, mwaka 1687, alisema nafasi ni kama mtungi: vitu viwemo visiwemo, mtungi upo. Na wakati unatiririka sawasawa bila kujali kitu chochote. Gottfried Leibniz, katika barua alizoandikiana na Samuel Clarke mwaka 1715 na 1716, alikataa. Kwake nafasi ni kama undugu. Undugu upo baina ya watu. Waondoe watu wote, hakuna undugu unaobaki ukining'inia hewani. Vivyo hivyo ondoa vitu vyote, nafasi nayo haipo.

Newton alikuwa na hoja ya ndoo. Ifanye mwenyewe. Ning'iniza ndoo ya maji kwa kamba, isokote kamba mpaka ikaze, kisha iachie. Mwanzoni ndoo inazunguka lakini maji yametulia, uso wake bapa. Baadaye maji yanazunguka pamoja na ndoo, na uso wake unabonyea katikati, yanapanda kingo. Sasa angalia: mwanzoni maji na ndoo vilipishana, na uso ulikuwa bapa, mwishoni vinakwenda pamoja, na uso umebonyea. Basi maji yanazunguka kulingana na nini? Newton akajibu: kulingana na nafasi yenyewe. Ernst Mach, mwaka 1883, akajibu: labda kulingana na maada yote iliyobaki ulimwenguni. Einstein alimpenda Mach sana, ila nadharia yake ya uvutano ya mwaka 1915 haikumfuata mpaka mwisho. Swali la ndoo bado linawagombanisha watu wenye shahada zao. Tuliwahi kulifanya uani kwangu, na mwanafunzi mmoja akabaki akiikodolea macho ndoo mpaka maji yakatulia, akasema, "Mwalimu, naomba tena."

Etha ni nini, na kwa nini ilikufa?

Wanasayansi wa karne ya 19 walidhani mwanga lazima uwe na kitu cha kupitia, kama wimbi lilivyo na maji. Wakakiita etha. Kama dunia inapita ndani ya etha, basi tunapaswa kuhisi mkondo.

Fikiria mtumbwi Malagarasi. Mwendo wake kilomita 5 kwa saa, mkondo wa mto kilomita 3. Kuvuka kilomita moja na kurudi: dakika 30, kwa kuwa mtumbwi lazima uelekezwe mshazari dhidi ya mkondo, na mwendo wa kuvuka unabaki kilomita 4 kwa saa. Kupanda kilomita moja dhidi ya mkondo na kushuka: dakika 30 za kupanda, 7 na nusu za kushuka, jumla 37 na nusu. Umbali ule ule, saa tofauti. Ukiwa umefumba macho, tofauti hiyo peke yake ingekuambia mto unakwenda. Albert Michelson na Edward Morley walifanya hivyo kwa mwanga mwaka 1887, Cleveland, Marekani. Mkondo waliotarajia kuuona hawakuuona.

Je, ipo nadharia mbadala inayotoa majibu yale yale ya Einstein?

Ipo, na walimu wengi hawaitaji. Hendrik Lorentz aliibakiza etha, akasema vitu vinavyokwenda ndani yake hujikunyata na saa zake huzorota kwa kiasi kile kile hasa kinachotufanya tusiweze kuigundua. Hesabu zake ndizo zile zile za Einstein za mwaka 1905. Hakuna kipimo kinachozitenganisha. Watu walimwacha kwa kuwa alihitaji kitu kilichojificha kikamilifu, na mimi pia ningemwacha. Lakini mtu akikuambia Lorentz alithibitishwa kuwa kakosea, mkatalie.

"Sasa hivi" ya hapa ni "sasa hivi" ya kwenye nyota?

Kwa Einstein, hapana. Watu wawili wanaopishana kwa mwendo hawatakubaliana kuhusu matukio ya mbali yapi yametokea pamoja. Hermann Minkowski, mwaka 1908, akaviunganisha vitu viwili kuwa kimoja: nafasi-wakati.

Waswahili hatukupaswa kushangaa. Mtu akikwambia "sina nafasi leo" hazungumzii upana wa chumba. Na ile -po- katika "nilipofika" ni ya mahali au ya wakati? Ni ya vyote. Sisemi lugha yetu ilijua fizikia. Nasema tu inaturahisishia mlo wa kwanza.

Kama yajayo yapo tayari ndani ya hiyo nafasi-wakati, si ndiyo kudra?

Wapo wanaosema ulimwengu wote, jana na kesho, umekwisha kulala pale kama reli toka Dar mpaka Kigoma, na sisi ni abiria. Wengine wanasema reli inajengwa tunavyokwenda. Vipimo havijachagua. Mambo ya kudra muulize shehe au padri wako.

Einstein hajashindwa kipimo hata kimoja. Mbadala wa nini?

Kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani. Nadharia ya kwanta, inayotawala atomi na chembe, inauchukua wakati kama saa ya ukutani: upo nje, unagonga tu. Einstein anasema wakati unapinda pamoja na maada. Zote mbili zinafanya kazi vizuri mno, na haziwezi kukaa meza moja. Zinagongana ndani ya shimo jeusi, mwanzoni mwa ulimwengu, na kwenye urefu wa Planck, ambao kwa mita ni desimali yenye sifuri 34 kabla ya tarakimu ya kwanza.

Basi tutajieni hizo mbadala.

Nitataja zinazonivutia, si zote.

Nadharia ya nyuzi: chembe si nukta, ni uzi unaotetema, na hesabu hazikubali mpaka nafasi-wakati iwe na pande 10. Wazo la pande zilizojificha ni la zamani: Theodor Kaluza aliongeza upande wa tano mwaka 1921, Oskar Klein mwaka 1926 akaukunja uwe mdogo. Mkeka uliokunjwa na kuegemezwa ukutani, ukiuona toka mbali ni fito.

Nadharia ya vitanzi, iliyoanzia kwa Abhay Ashtekar mwaka 1986 na kuendelezwa na Carlo Rovelli na Lee Smolin, inasema nafasi yenyewe ina chembechembe. Mkeka tena, ila sasa umetandikwa: toka mlangoni ni uso mmoja laini, ukiinama unaona miyaa. Hakuna mkeka chini ya miyaa. Eneo dogo kuliko lote lipo, na huwezi kuligawa.

Ya tatu ndiyo niipendayo, na huenda ni kwa sababu watu wachache wanaijua. Rafael Sorkin na wenzake, mwaka 1987, walipendekeza kwamba chini kabisa hakuna mita wala sekunde, kuna nasaba tu. Tukio hili limelitangulia lile na lingeweza kulisababisha. Haya mawili hayana uhusiano. Hivyo tu, kama ukoo. Ukishajua nani katangulia nani, na ukahesabu ni matukio mangapi, umbali na muda vinajitokeza vyenyewe. Sorkin alitumia wazo hilo kukisia kwamba ulimwengu una nishati ndogo sana isiyo sifuri katika utupu wake, na ukubwa aliokisia ukakaribiana na kilichogunduliwa mwaka 1998. Si uthibitisho. Lakini ni wachache mtaani humo waliokisia kabla.

Nimesikia wapo wanaosema wakati haupo kabisa.

Wapo, na si wahuni. Mwaka 1967 Bryce DeWitt, akiendeleza kazi aliyoifanya na John Wheeler, aliandika mlinganyo wa kwanta wa ulimwengu mzima, na herufi ya wakati ikatoweka. Julian Barbour akaupokea mlinganyo kama ulivyo: upo mpangilio wa vitu tu, na kinachoitwa wakati ni kulinganisha mpangilio na mpangilio. Leibniz angecheka kwa furaha.

Don Page na William Wootters, mwaka 1983, walionyesha njia: ulimwengu mzima unaweza kuwa umetulia, lakini sehemu yake moja ikitumika kama saa, aliye ndani anaona mabadiliko. Wavuvi wa dagaa hapa hawaendi kazini kwa tarehe, wanaangalia mwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa zao hazivuti samaki, wanakaa nyumbani. Kwao "lini" maana yake ni "mwezi ukiwaje". Page na Wootters wanauliza kama "lini" imewahi kuwa na maana nyingine yoyote.

Kwa nini basi maji yakimwagika hayazoleki?

Swali zuri kuliko yote, na milinganyo ya Newton na ya Einstein hailijibu: ikirudishwa nyuma inafanya kazi vile vile. Ludwig Boltzmann alijibu kwa kuhesabu. Njia za maji kuwa ndani ya kata ni chache. Njia za kuwa yametapakaa sakafuni hazihesabiki. Vitu huelekea kwenye wingi. Kinachobaki bila jibu ni kwa nini ulimwengu ulianza na maji ndani ya kata.

Mbadala zipi zimeshakufa?

Tarehe 17 Agosti 2017 ilizika nyingi. Nyota mbili za neutroni ziligongana katika galaksi iliyo kama miaka ya mwanga milioni 130 kutoka hapa. Mitambo ikanasa mawimbi ya uvutano, na sekunde 1.7 baadaye mwali wa gama, ambao ni aina ya mwanga. Safari ya miaka milioni 130, wamepishana mlangoni kwa sekunde 1.7! Nadharia nyingi zilizosema uvutano una mwendo tofauti na mwanga ziliishia pale, baadhi zikiwa zimelelewa miaka mingi. Ile ya Petr Hořava ya mwaka 2009, inayotenganisha tena wakati na nafasi kwenye vipimo vidogo mno, ilibakizwa kona nyembamba.

Mwaka 2009 pia darubini ya Fermi iliona mlipuko uliosafiri zaidi ya miaka bilioni 7. Kama nafasi ingekuwa na chembechembe zinazoukwaza mwanga wenye nguvu nyingi kwa namna rahisi waliyofikiria baadhi ya watu, miali hiyo ingechelewa waziwazi. Ilipishana na mwanga wenye nguvu kidogo kwa chini ya sekunde moja.

Nyingine hazifi, zinakonda. Nadharia ya Carl Brans na Robert Dicke ya mwaka 1961 ina namba moja inayozungushwa kama kifundo cha saa: ikuze mno, inakuwa Einstein. Mwanzoni watu walizungumzia namba chini ya kumi. Vipimo vya chombo cha anga cha Cassini, vilivyotangazwa mwaka 2003, viliisukuma kupita 40,000.

Na zile chembe ndogo ziitwazo neutrino, zilizodaiwa kuushinda mwanga kwa mwendo mwaka 2011?

Kebo ya mtambo wa kupimia haikukazwa vizuri.

Nikirudi nyuma nimwone babu?

Kurt Gödel, mwaka 1949, alipata suluhisho la milinganyo ya Einstein ambamo njia inaweza kukurudisha kwenye jana yako. Ulimwengu huo lazima uzunguke mzima mzima. Wetu hauonyeshi dalili hiyo.

Sisi Waafrika hatuna nadharia yetu ya wakati?

John Mbiti wa Kenya, mwaka 1969, alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza fikra za Kiafrika, akadai kwamba wakati ujao ndani yake ni haba. Amepingwa sana. Mimi nikimsoma hukumbuka kwamba bibi yangu alikuwa na kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, siku nne za mbele kila moja na jina lake, na za deni alizijua zote. Lakini hiyo ni habari ya jinsi watu wanavyoishi na wakati, jambo kubwa kwa haki yake. Saa ya atomi haiulizi kabila.

Nimeandika nadharia yangu, daftari zima. Mtaisoma?

Tunasoma. Daftari tatu ziko mezani kwangu sasa hivi, moja ina harufu ya mawese. Tafadhali tuandikie kwanza karatasi moja: nadharia yako inasema saa ya Kigoma itatofautiana na ya Dar kwa nanosekunde ngapi? Ukipata 7, umekubaliana na waliokutangulia, tuendelee kuzungumza. Ukipata nyingine, tuonyeshe Hafele na Keating walikosea wapi. Ukisema nadharia yako haihusiki na saa, basi bado haijawa ya wakati.

Kikao kinaanza saa ngapi?

Saa kumi jioni, saa ya Kigoma. Mnaovuka kutoka Burundi na Kongo, ondokeni kwenu mkijua kwamba saa zenu zitakuwa zinasema saa tisa. Kijiti tunakichomeka mapema, saa sita na nusu mchana, kwa wanaotaka kukiona kivuli kikigeuka.